Mfugaji aliyehamia Lindi ataacha lini kuitwa wakuja?

Mruponda: Profesa Mahmood Mamdani, aliyetimuliwa Uganda na Idi Amin 1972 pamoja na Waasia wenzake, akaja kufundisha Dar, anasema huu mgawanyo wa wenyeji na wageni ni urithi wa mkoloni: kila kabila na eneo lake, kila eneo na chifu wake. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya 2006 na 2007 wakaletwa huku, watoto wao wamezaliwa Lindi, bado tunawaita wakuja. Kwa nini? Mbona Wamakonde kibao walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na hatuwaulizi?

Bint Newala: Hatukuvuka! Mjerumani na Mreno ndio waliotupigia mpaka katikati mwaka 1886. Nina mashangazi Mueda, Msumbiji, mpaka leo. Usituweke kapu moja na wenye ng'ombe.

Kishoka: Na Wamakonde wa Kwale je, dada? Walifuata mashamba ya mkonge Kenya, wakakaa miaka na miaka bila kitambulisho, mpaka 2016 wakaandamana kwenda Nairobi. Wote tulisema wanaonewa.

Bint Newala: Walikwenda na miguu yao miwili. Hawakuswaga kitu kwenye mikorosho ya watu.

Ng'wana Liwale: Wakuja mwenyewe nipo hapa. Ng'ombe wetu wanakula mabibo, matunda ya mikorosho mnayoyaacha yaoze. Mngetushukuru kwa usafi.

Mzee wa Uraka: YAOZE?? Kijana, hayo mabibo ndiyo yaliyolipa ada za wanangu wote. Shika adabu.

Afisa Mtaratibu: Jamani, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi, halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa, kwa idhini ya mkutano mkuu. Tuulizane muhtasari uko wapi na nani alisaini.

Bint Newala: Mzee, hiyo pombe yenu ya mabibo, uraka wa Nachingwea, nao ni uraka? Ule umejaa maji.

Mzee wa Uraka: Wivu huo, mwanangu. Newala maji yenyewe mnayasaka kwa ndoo, utajuaje ladha yake?

Bint Newala: Ndiyo maana wetu hauna hata tone! Nani atayamwaga kwenye pombe?

Kishoka: 😂😂 Hivi huyo profesa si baba wa meya wa New York?

Ng'wana Liwale: Ndiye. Mtoto kazaliwa Kampala, wenzenu wamempa jiji zima. Mimi nimeomba kamati ya maji ya kijiji, nikaambiwa nisubiri wenyeji wamalize.

Mzee wa Uraka: Subiri kweli. Kwanza huyu wa Newala aniombe radhi.