Naomba ushauri: friza la kulala nataka lipooze bia bila kugandisha

Wakuu habari zenu, nipo Kigoma hapa Mwanga nina kagrosari kadogo, na kuna friza la kulala nataka liwe la bia tu. Shida yenyewe friza limetengenezwa kushuka mpaka kama nyuzi 18 chini ya sifuri wakati bia za kawaida zikifika chini ya sifuri nyuzi 2 au 3 hivi zinaanza kuganda na chupa zinapasuka, mimi nataka zikae nyuzi 3 mpaka 5 basi, na kuchomoa chomoa waya kwenye soketi kila saa sio maisha.

Nimesikia kuna kidude cha kupima baridi kinaitwa STC-1000, unakifunga kati ya soketi na friza, kinakata umeme chenyewe ikifika nyuzi ulizoweka. Sensa naona bora niizamishe kwenye chupa ya maji humo ndani, maana ikipima hewa tupu kompresa itawaka na kuzima hovyo. Kutoboa ukuta wa friza sitaki kabisa kwa sababu mabomba ya gesi yanapita humo humo, waya nitaupitisha kwenye mpira wa mfuniko.

Sasa aliyewahi kufanya anisaidie, ile dilei ya kompresa, yaani muda wa kusubiri kabla haijawaka tena, niweke dakika ngapi, 5 zinatosha? Umeme ukikatika na kurudi ghafla bado nahitaji friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji na umeme unaoyumba? Na maji yanayotuama chini mnayakaushaje jamani, naogopa kutu.