Waliotibiwa saratani ya tezi dume: chumbani mambo yakoje? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii nimeizungusha kichwani miezi mingi, naandika nafuta. Nina miaka 61, niko Tanga. Mwaka jana nilitolewa tezi dume yote. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilisoma 14, wakachukua vinyama kupima, ikaonekana ni saratani. Kuhusu ugonjwa nilielezwa vizuri, gharama nikaelezwa, hata mpira wa mkojo nitakaa nao siku ngapi nikaambiwa. Kuhusu unyumba daktari alisema sentensi moja huku anafunga faili: "Kule kunaweza kusumbua kidogo."

Hicho "kidogo" ndicho nataka tukiongee.

Mpira ulipotolewa, mkojo ukawa unajiendea wenyewe. Nikikohoa, nikiinuka kitini, nikicheka. Nikavaa pedi za akina mama. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananunua, na ana miaka 57, siku moja mwenye duka akamwuliza, "Mama, wewe bado tu?" Alirudi nyumbani anacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana ningelowa.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, usiku, neti imeshushwa, tukajaribu. Jogoo hakupanda mtungi. Ila kuna kitu hakuna aliyenidokeza: raha ilifika kileleni hivyo hivyo, bila kusimama, na hakikutoka hata tone. Niliwasha taa nikawa naangalia shuka kama mtu aliyepoteza hela. Baadaye ndiyo nikajua kwamba tezi ikitolewa inaondoka na vifuko vya manii, kwa hiyo maji hayo hayatarudi maisha. Sasa ni mwezi wa 14. Asubuhi moja moja naona dalili, niseme robo.

Karibuni. Wa utani leo wapumzike.

Nahodha Mstaafu, Mombasa

Pole ndugu yangu. Wewe una bahati, hamu unayo. Mie yangu ilikutwa imeshafika mifupani, nikaanzishwa sindano ya homoni ya tumboni, kila miezi mitatu. Hii haivunji kusimama peke yake, yang'oa hamu na mizizi yake. Bibi akitoka kuoga na leso moja, mie naona leso. Sina huzuni, sina hasira, sina chochote, ni kama mtu asikiaye redio ya jirani.

Na joto! Ijumaa moja khatibu yuko katikati ya hotuba, jasho lanishuka kama nimetoka baharini. Jamaa wa pembeni akanisukumia feni. Chuchu nazo zauma, zimevimba kama za msichana, hata shati naogopa kuvua mbele za wajukuu.

Mwanzo nilipewa chaguo mbili: sindano, au kutolewa makende mara moja, ambayo ni rahisi zaidi kwa mfuko. Nikasema mie si maksai. Lakini nikwambieni ukweli, kazi yake ni moja. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, nao huizima kwa kisu au kwa sindano. Tofauti ni kwamba sindano ikisimamishwa, kwa baadhi ya watu homoni hurudi polepole.

Mizizi Asilia

Wakuu dawa ipo, mizizi 7 mchanganyiko, siku 5 tu unakuwa simba. Njoo inbox.

Mleta mada

Mkuu, hii si gulio. Peleka mizizi kwingine.

Muuguzi wa Zamu

Nampa Mizizi jibu moja halafu naendelea na ya maana. Unga wa namna hiyo umeshakutwa mara nyingi, nchi mbalimbali, umechanganywa kimyakimya na sildenafil, yaani dawa ya Viagra. Mzee anayeweka kidonge cha moyo chini ya ulimi akiunywa, presha inaweza kushuka asiamke. Hata sildenafil ya hospitali, mwambie daktari dawa zako zote kwanza.

Mleta mada, mishipa ya fahamu inayosimamisha inapita ubavuni mwa tezi, kulia na kushoto, myembamba kama nyuzi. Zamani ilikuwa inakatwa tu kwa sababu madaktari hawakujua vizuri inapita wapi. Ni mwaka 1982 ndipo Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Marekani, alipofanya upasuaji wa kuikwepa kwa makusudi. Saratani ikiwa imeigusa, daktari hana namna, ataitoa. Hata ikiachwa inakuwa imevutwa na kubanwa, inalala. Kuamka ni miezi mpaka miaka miwili, wengine zaidi, na wengine haiamki. Kwa hiyo rudi kliniki uulize swali moja: mliacha pande zote mbili, upande mmoja, au hamkuacha? Hilo jibu lipo kwenye faili na ni haki yako.

Dereva wa Zamani, Dodoma

Mimi nilipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Mwaka wa kwanza nikawa natamba, nawaambia wenzangu waliopasuliwa kwamba walikimbilia kisu bure. Mwaka wa tatu gari likaanza kukosa nguvu mlimani. Nikadhani uzee, nikadhani sukari. Kumbe mionzi huumiza mishipa taratibu, gharama yake inakuja baadaye. Nashukuru kidonge kinanisaidia, si kila siku.

Mandela naye alipigwa mionzi ya tezi dume mwaka 2001, akaishi mpaka 2013. Huwa najikumbusha hilo nikianza kujionea huruma.

Mama wa Morogoro

Samahani kuingia baraza la wanaume. Mume wangu alilala sebuleni miezi minane akisema anaangalia mpira. Mpira gani wa saa tisa usiku? Nikaamini ana mwanamke. Nilipekua koti lake nikitafuta ushahidi, nikakuta kadi ya kliniki na karatasi ya majibu imekunjwa mara nne. Alikuwa anakwenda sindano peke yake, na nauli anakopa.

Nililia kwa hasira, si kwa saratani. Baba zetu, mnadhani tunachokosa ni kile tu. Mimi nilikosa mtu wa kuniwekea mkono begani usiku. Sasa amerudi chumbani. Kile hakipo, na ninakikumbuka, sitadanganya. Lakini mkono upo.

Naogopa Kisu

Shikamooni wazee. Nina miaka 49, nimepangiwa upasuaji mwezi ujao. Mke ni wa pili, hatujapata mtoto. Inamaanisha ndiyo basi?

Mswahili wa Leicester

Marahaba kijana. Mtoto kwa njia ya kawaida, baada ya upasuaji hapana. Lakini kabla ya siku hiyo unaweza kuhifadhi mbegu zigandishwe. Uliza sasa hivi, wiki hii, usingoje wakuite. Wengi hawakuambii mpaka uulize.

Huku niliko, Uingereza, tuliitwa mimi na mke wangu pamoja kabla ya upasuaji. Niliona aibu, nesi binti mdogo anaweka mezani pampu ya plastiki kama anauza blenda. Ile unaivalisha, unavuta hewa, damu inajaa, unateleza pete ya mpira kwenye shina. Pete haikai zaidi ya nusu saa. Inakuwa ya baridi kidogo na inayumba chini, haidanganyi mtu, ila kazi inafanyika. Waliniambia niitumie hata bila tendo ili nyama isikae bila damu ikasinyaa. Iko pia sindano ya kuchoma pale pale; niliijaribu mara mbili, ikasimama kuliko nilivyokuwa na miaka 30, nikaogopa. Ukiitumia na ikasimama mfululizo zaidi ya masaa manne haijalala, nenda hospitali usione haya.

Mleta mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jumatatu nilikwenda kliniki na swali la Muuguzi. Daktari alifungua faili, akasoma kimya, akasema upande wa kushoto uliachwa. Mwaka mzima jibu lilikuwa humo.

Nahodha, nimemsomea mama habari ya leso. Amecheka, halafu akanyamaza, akasema nikusalimie.

Leicester, hiyo pampu nimeagiza kwa kijana wetu anayekuja Desemba. Akiulizwa forodhani, nimemwambia aseme ni ya babu.