Naomba ushauri: asili ya paka wa Kiajemi niielezeje?

Wadau, habari zenu. Naandaa kipeperushi kwa wanunuzi wa paka wa Kiajemi, nimekwama kwenye aya ya asili.

Masimulizi yaliyozoeleka yanaanzia kwa Pietro della Valle, msafiri Mwitaliano aliyewaeleza paka wa manyoya marefu wa Khorasan, eneo la Uajemi (Iran ya leo), karibu mwaka 1620. Lakini vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2008 vinamweka Muajemi wa leo karibu na paka wa Ulaya Magharibi, si wa Mashariki ya Kati. Mimi naliona jambo hilo lina mantiki: tangu maonyesho ya paka ya Crystal Palace, London, mwaka 1871, wafugaji Waingereza walichagua kichwa cha mviringo na miguu mifupi, kizazi baada ya kizazi. Jina likabaki, damu ikachanganyika.

Na manyoya pekee si ushahidi. Urefu wake unatokana na jeni ya FGF5, tena ni sifa fiche: wazazi wawili wa manyoya mafupi, kila mmoja akibeba nakala moja ya jeni ya manyoya marefu, wana uwezekano wa 1 kati ya 4 kwa kila mtoto kutoka na manyoya marefu. Hapo ndipo wanunuzi wanapouziwa "Muajemi" asiye na ukoo wowote.

Je, niandike "asili yake Iran" au "aliundwa Uingereza"? Na kipimo cha PKD1, kile cha figo zenye vifuko vya maji, nikitangulize kabla ya historia? Nakala moja tu ya jeni hiyo yenye kasoro inatosha kumfanya paka augue, kwa hiyo wazazi wote wawili wapimwe.