Ulinganisho: kisu cha Uswisi, cha Kijapani au cha mhunzi kwa jiko la mgahawa?

Jiko_la_Pwani: Wakuu, habari za kazi. Natafuta kisu kimoja kikuu cha sentimita 20 kwa mgahawa mdogo wa pwani. Kazi zake ni vitunguu na nyanya za kachumbari, kabichi, nyama isiyo na mfupa, minofu ya samaki, na ndimu kutwa nzima. Nimebaki na chaguo tatu: Victorinox ya Uswisi yenye mpini mweusi wa plastiki, kisu cha Kijapani cha chuma cha VG-10, au kutengenezewa na mhunzi kwa springi ya gari. Bei nazijua. Nataka kujua kipi kinakaa na makali na kipi kinatunzika bila mashine.

Fundi_Makali: Dada, anza na ugumu wa chuma, kwa kipimo cha Rockwell. Victorinox iko karibu na 56. Visu vingi vya Solingen, Ujerumani, viko 56 hadi 58. VG-10 hufika 60 au 61. Kadiri namba inavyopanda, makali yanakaa muda mrefu zaidi, lakini chuma kinakuwa rahisi kumeguka. Kisu laini kikigonga mfupa, makali yanajikunja, na kujikunja kunanyooshwa kwa nusu dakika. Kisu kigumu kikigonga mfupa kinatoka pengo, na pengo linataka jiwe la kunolea la namba 400 (namba ikiwa ndogo, jiwe linakwaruza zaidi) na saa nzima ya kusaga.

Kwa jiko ambalo watu zaidi ya mmoja wanashika kisu hichohicho, mimi nasema Victorinox bila kusita. Atatokea mtu apasue nayo samaki wa barafu au aizungushe ndani ya boga.

Minofu_Zenji: Naheshimu hoja ya Fundi, ila kwenye samaki cha Kijapani hakina mpinzani. Sababu kubwa ni wembamba wa bapa nyuma ya makali, na watu wanaangalia ugumu peke yake. Kisu chenye bapa nene, hata ukikinoa kikanyoa nywele, kikiingia kwenye karoti kinaipasua kama kabari badala ya kuikata. Chembamba kinapita kwenye mnofu wa changu bila kuuchana. Makali ya Kijapani hunolewa nyuzi 15 kila upande au chini kidogo, na chuma kigumu kinaweza kubeba pembe hiyo.

Masharti yake: kisiguse mfupa, kisiguse kifuu cha nazi, kisitumike kukwangulia vitunguu ubaoni kuelekea sufuriani. Ukikwangua, geuza utumie mgongo wa kisu.

Mhunzi_Kijana: Wengi wanadharau kisu cha springi kwa sababu wamekutana na kilichotengenezwa vibaya. Chuma chenyewe ni kizuri, kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kinashika makali vizuri. Tatizo liko kwenye moto. Kisu kikishapata umbo, kinapashwa mpaka rangi ya chungwa, kinazamishwa kwenye mafuta, halafu lazima kirudishwe kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa saa moja au mbili ili kipunguze ukali wa ugumu. Mhunzi akizamisha kwenye maji, bapa linaweza kupasuka. Akiruka hatua ya pili, kisu kinamegeka mezani. Na wapo wasiozamisha kabisa, hao wanakuuzia chuma laini kilichong'arishwa.

Nenda na tupa. Pitisha polepole karibu na makali, pale kwenye kisigino (mwisho wa makali upande wa mpini). Tupa ikiteleza, kisu kimeshika ugumu. Ikiuma na kutoa unga wa chuma, kiache. Halafu mwambie apunguze unene: springi ina milimita 6 au zaidi, na wengi wanaacha mgongo wa milimita 4 au 5. Hicho ni kisu cha bucha. Kwa mboga dai milimita 2 hadi 2.5 pale mpini unapoanzia, ikipungua kuelekea nchani. Na springi iliyotembea sana barabarani inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho, kwa hiyo akipata mpya ni bora.

Minofu_Zenji: @Mhunzi_Kijana na ndimu je? Hapo ndipo cha springi kinaposhindwa pwani. Hakina kromi ya kutosha kuzuia kutu. Chuma kinahitaji kromi kuanzia asilimia 10.5 hivi ndipo kiitwe kisichoshika kutu. Ukikiacha na ndimu na chumvi dakika kumi tu kimeshabadilika rangi, na kikiwa kipya vitunguu vinaweza kushika weusi.

Mhunzi_Kijana: Kweli kabisa mkuu. Kinataka kufutwa kila baada ya kazi na kupakwa mafuta ya nazi kidogo usiku. Rangi ya kijivu-buluu inayokuja baada ya wiki kadhaa isifutwe, hiyo inakinga. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa, kwa baking soda na maji, ukisugua kwa kitambaa. Ila kwa jiko la ndimu kutwa nzima, simshauri dada akifanye kuwa kisu chake kikuu. Kiwe cha nyama.

Jiko_la_Pwani: Asanteni. Nielekezeni kunoa sasa. Kwa mnoa visu wa baiskeli nipeleke au nisipeleke?

Fundi_Makali: Usipeleke kisu kizuri. Lile gurudumu kavu linapasha makali moto, na makali ni membamba mno, yanaungua kabla hujaona chochote. Ukiona mstari wa buluu, chuma cha hapo kimeshapoteza ugumu, na itabidi kisagwe chote ndipo ufikie chuma kizima.

Nunua jiwe la maji la namba 1000, linatosha kwa jiko lako. Namba 6000 inapendeza kwa samaki wa kuliwa mbichi, lakini ganda la nyanya linapenda makali yenye mikwaruzo midogo. Fanya hivi:

1. Loweka jiwe mpaka mapovu yaishe, dakika kumi hivi. Liweke juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze.
2. Pata pembe. Bapa la upana wa milimita 45, ukiinua mgongo milimita 15 kutoka kwenye jiwe unapata karibu nyuzi 20, inayofaa Victorinox. Ukiinua milimita 12 ni nyuzi 15. Chonga kipande cha mbao cha kimo hicho uwe unapimia kabla ya kuanza.
3. Sukuma na kuvuta, vidole viwili vikikandamiza karibu na makali, kutoka kisigino hadi ncha.
4. Endelea upande huohuo mpaka usikie ukingo wa chuma umejikunja upande wa pili. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kutokea nje ya makali, kamwe si kufuata urefu wake. Kinakwaruza? Umefika. Hakikisha uko urefu mzima, kwa sababu ncha husahaulika.
5. Geuza, rudia. Kisha upande huu na huu kwa zamu, ukipunguza nguvu kila mara, mpaka ule ukingo utoke. Malizia kwenye mkanda wa ngozi au gazeti lililokunjwa, ukivuta kurudi nyuma tu.

Kosa la wengi ni kugeuza kabla ukingo haujajikunja. Hapo utanoa nusu saa na kisu kitabaki vilevile.

Ukitaka kujua kama bado ni butu, simama chini ya taa, elekeza makali juu usawa wa macho. Makali kamili hayaonekani. Ukiona kidoa cheupe kinang'aa, hapo ndipo pamelala au pana pengo.

Minofu_Zenji: Naongezea: jiwe la maji lisitiwe mafuta, vitundu vyake vitaziba. Na jiwe likibonyea katikati, pembe zote zinaharibika. Lichore mistari ya penseli, lisugue juu ya msasa namba 120 uliolazwa kwenye kioo, na penseli iliyobaki itakuonyesha palipobonyea. Ile fimbo ya chuma ya kunyooshea makali inafaa kwa Victorinox tu, mara tano kila upande kwa wepesi, kila asubuhi. VG-10 ukiipitisha kwenye chuma chenye mistari inamegeka.

Jiko_la_Pwani: Nimeelewa, nachukua Victorinox na jiwe la 1000. Ubao wangu ni wa mianzi, upo sawa?

Fundi_Makali: Utumie kwa mkate. Mianzi ni migumu na ina silika, inakula makali. Chukua mbao ya kawaida au plastiki nyeupe. Kioo, marumaru na sahani ni marufuku. Kisu kisilale kwenye beseni la vyombo, kioshwe kwa mkono na kukaushwa papo hapo. Na dawa ya klorini ya kusafishia meza isikae kwenye bapa, maana hata chuma kisichoshika kutu inakitoboa vishimo vidogo.