Mdogo wangu anataka fasihi ya Kiingereza na historia ya sanaa kwa pamoja, nishaurini

kitumbua_leicester:
Habari wanajamvi. Mdogo wangu wa kike anamaliza A-level hapa Leicester, tulijua ataenda sheria maana kwa kubishana hajambo, juzi mezani katangaza anaomba digrii ya fasihi ya Kiingereza na historia ya sanaa. Baba kanyamaza, mama kauliza "utakula picha?" Mimi mhasibu sielewi kitu. Hii ni digrii moja au mbili? Halafu shuleni kwao historia ya sanaa haifundishwi kabisa, si watamkataa? Na anakotaka ni Scotland miaka minne wakati England ni mitatu.

mzee_wa_deki:
Sheria ndio mpango mzima. Picha aangalie wikiendi, National Gallery pale London hakuna kiingilio.

pwani_glasgow:
Nimesoma hiyo hiyo, nisikilize mie. Ni digrii moja, masomo mawili nusu kwa nusu. Scotland cheti kinaitwa MA lakini ni digrii ya kwanza tu, mama asije akatangaza msikitini mtoto ana masters. Miaka miwili ya mwanzo unabeba na somo la tatu, mimi nilibeba falsafa nikaitua bila machozi, mwaka wa tatu ndio unabaki na yako mawili. Kwa asiye na uhakika inasaidia, ila anayetoka England analipa ada kule kama angelipa England, £9,535 kwa 2025/26, kwa hiyo mwaka wa nne ni deni juu ya deni.

Shule kutokuwa na historia ya sanaa isikutishe, shule zenye hilo somo ni chache mno, 2016 ilitangazwa linafutwa A-level likaokolewa dakika za mwisho, vyuo vinajua. Wanachokaba ni A-level ya fasihi.

Sasa swali la mama. Mwaka wa kwanza hata mimi niliona ni masomo mawili yanayogombania usingizi wangu, esei mbili siku moja maana idara haziongei. Mpaka tukafika kwa William Blake, mshairi na mchoraji Mwingereza wa zamani. Yule shairi na picha alikuwa anavitia pamoja kwenye bamba moja la shaba, maneno anaandika kinyumenyume ili yakichapwa yasomeke, rangi anapaka kwa mkono, mkewe Catherine anamsaidia. Lile shairi lake la chui milia la 1794 tulilisoma shule maneno matupu, mnyama wa kutisha macho yanawaka, halafu siku nikaonyeshwa ukurasa wenyewe, chini ya maneno kasimama chui mpole kama paka wa jikoni anasubiri dagaa. Alikuwa anatutania au? Esei nzima niliandika kuhusu huyo paka. Ni sawa na mtu akuandikie jina la kanga kwenye karatasi, hakuna mji hakuna pindo, wala hujui kavaa nani kapita mlangoni kwa nani.

deni_halilali:
Kwenye ajira tusidanganyane. Makumbusho mshahara wa kuanzia mdogo, na wengi wanataka uwe umeshajitolea bure mahali, mtoto asiye na pa kulala London itamuwia ngumu. Wengine wanaishia uchapishaji, ualimu, kampuni za minada, wengine wanahamia sheria baadaye, mzee wa deki furahi. Mkopo wa sasa wa England unaanza kukatwa mshahara ukivuka £25,000 kwa mwaka, asilimia 9 ya kinachozidi, mkopo wenyewe ukifikisha miaka 40 unafutwa. Ila una riba, hilo ongeeni na baba mapema, kwetu lilileta kikao cha siku tatu.

pwani_glasgow:
Nilisahau, fomu ya UCAS, ile ya kuombea vyuo vya Uingereza, ni vyuo vitano na maelezo ya mwombaji kujieleza ni hayo hayo yanaenda kote, siku hizi maswali matatu, herufi 4,000 jumla. Akichanganya vyuo vya fasihi tupu na vya masomo mawili lazima maelezo yafae pande zote. Na asijaze majina ya wachoraji aliowagugo jana usiku, aandike kitu alichokikodolea macho mwenyewe.

kitumbua_leicester:
Asanteni sana. Nimemsomea ya kanga, hapo hapo kaenda kufungua sanduku la bibi, mama anapiga kelele asimvurugie. Baba kafungua mdomo leo, kauliza huyo Blake alikuwa analipwa vizuri?

pwani_glasgow:
Usimwambie.