Naomba ushauri: mama anatumia unga wa mitishamba pamoja na dawa ya presha

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 63 na anameza amlodipine, dawa yake ya presha, kila asubuhi. Miezi miwili iliyopita alikwenda kwa tabibu anayechanganya Ayurveda ya India na tiba ya Kichina. Simbezi huyo tabibu: alimsikiliza mama karibu saa nzima, akamuuliza usingizi, choo, hadi mawazo yanayomsumbua. Hospitali dakika tano umetoka.

Shida ni unga aliompa. Una tangawizi, manjano na mizizi ya susi (licorice), tena susi ndiyo nyingi, maana ukilamba kidogo tu utamu wake unaganda ulimini. Anakoroga kijiko kizima kwenye maji moto, mara mbili kwa siku. Susi ina glisirizini, ambayo huufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, na presha hupanda. Jana mashine ilisoma 158/96. Zamani alikuwa anacheza kwenye 135. Jioni miguu inavimba, ingawa amlodipine nayo huvimbisha.

Mimi si mpinzani wa mitishamba. Artemisinini ya malaria ilitoka kwenye mmea wa tiba ya Kichina, na mgunduzi wake, mwanasayansi Mchina Tu Youyou, akapata Nobel 2015. Ila mama haambiliki, "cha asili hakidhuru", na amenikataza kumwambia daktari.

Aliyepitia haya, ulimwambiaje mzazi bila ugomvi? Na je, nimwombe tabibu atoe susi tu, au unga wote usimame kwanza?