Nataka kuondoa gesi kabisa kwenye boti tunayoishi, nipikie nini?

baharia_msasani

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye uzoefu wa kuishi botini anisaidie maana nimesoma huku na kule mpaka nimechanganyikiwa. Mimi na wife tunaishi kwenye boti ya mbao ya futi 36, ilichongwa Nungwi, ina tanga na injini ndogo ya dizeli, muda mwingi tumetia nanga Msasani na mara mojamoja tunavuka Unguja au tunashuka Mafia.

Tulikuwa tunapikia mtungi wa kilo 6. Wiki iliyopita wife alifunua mbao za sakafu akaushe ngama (kule chini kabisa ya boti maji yanakojikusanya) akasikia harufu ya gesi kule chini kabisa, wakati huku juu jikoni hakuna harufu hata kidogo. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira, mapovu yakawa yanachemka pale kwenye klipu, mpira wenyewe umeliwa na chumvi umepasukapasuka kwa ndani ya mkunjo ambako huoni mpaka uukunjue. Mtungi nimeutoa siku ileile na sitaki urudi.

Kwa sasa tunapika kwa jiko la mchina la mafuta ya taa juu ya deki, upepo wa kusi unalizima kila saa, masizi mpaka kwenye tanga, na mvua ikinyesha tunalala na mkate. Vyakula vyetu ni vya kawaida tu, chai asubuhi, maharage, wali, ugali, samaki, na wikiendi chapati. Nina betri mbili za asidi za Ah 100 na sola wati 200, zinaendesha taa, simu na friji dogo. Je umeme wa sola unaweza kupika kweli au ni maneno ya wauza vifaa? Na kama sio umeme, kitu gani kingine ambacho nikilala nalala bila wasiwasi?

fundi_sola_pwani

Mkuu pole sana, na mshukuru sana wife. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, nyumbani ikivuja itatambaa itokee mlangoni lakini botini haina pa kutokea, inashuka kwenye ngama inakaa hapo, na ikishafika kama asilimia 2 ya hewa basi cheche ya pampu ya ngama inatosha. Kwa hiyo uamuzi wako naunga mkono.

Umeme unapika, tena vizuri, ila usianze na jiko, anza na betri. Jiko la indaksheni (lile la kioo linalopasha sufuria kwa sumaku) la wati 2000 ukilifungua mwisho kwenye mfumo wa volti 12 linavuta karibu ampea 175 toka kwenye betri, hizo zako mbili za asidi volti zitaanguka ndani ya dakika chache inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) ianze kulia alafu izime. Na betri ya asidi ukizoea kuishusha chini ya nusu unaiua, maana yake Ah 200 zako ni kama yuniti 1.2 za kutumia na hapo friji halijala.

Mahitaji yako yakoje: lita moja ya maji kuchemka ni kama 0.1 ya yuniti. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku, kwenye presha kuka ya umeme, ni 0.3 mpaka 0.5. Wali wa watu wawili 0.2 hivi. Chapati ndo mlaji, tava ikikaa motoni saa nzima umeondoka na 0.7 au 0.8. Siku ya kawaida kwenu nyie wawili ni kama yuniti 1.5, hesabia 2 ili upumue. Kwa jua la Dar paneli za wati 600 siku nzuri zinakupa yuniti 2 na kidogo baada ya kutoa hasara, siku ya mawingu ya masika unaweza kupata nusu au chini ya hapo. Kwa hiyo mimi ningeweka betri za lithiamu, LiFePO4, za Ah 400 za volti 12, hiyo ni akiba ya yuniti 5, unapika siku mbili bila jua.

Alafu kuhusu paneli, boti yako ina foromali (mti unaobeba tanga) na tanga lenyewe, kivuli chake kikikatisha paneli moja tu zilizofungwa kwa mfululizo kinaweza kushusha zote. Zifunge sambamba au kila upande na kontrola yake ya kuchajia, kulia na kushoto, upande mmoja ukiwa kivulini mwingine unachaji.

mzee_wa_matanga

Vijana nawasalimu. Umeme ni mzuri lakini chombo cha baharini hakitegemei kitu kimoja. Zamani majahazini tulipika juu, kwenye kasha la mbao lililojazwa mchanga, mafiga matatu na kuni za mkoko, mchanga unazuia moto usifike kwenye mbao na kukichafuka unafukia moto hapohapo. Lilikuwa jiko salama kwa sababu lilikuwa nje. Nasema hivi kwa sababu najua mtu akishindwa na umeme na mvua inanyesha atachukua jiko la makaa aingize ndani. Mwanangu usiingize makaa chumbani hata kwa dakika za kuchemsha uji, ile hewa yake haina harufu wala haiwashi macho, mtu analala haamki.

Akiba nayokushauri ni jiko la spiriti lisilo na pampu. Wazungu wanaopita na mashua zao wengi walikuwa nalo, la Origo la Sweden, siku hizi halitengenezwi tena lakini la mkononi linapatikana, na yapo mengine ya namna ileile. Ndani lina kopo lililojazwa kitu kama sufi, spiriti inanywewa na ile sufi, hata chombo kilale ubavu haimwagiki ovyo. Sharti lake ni moja na usilivunje: hujazi kopo likiwa la moto. Zima, subiri lipoe kabisa, litoe, jaza nje juu ya deki, futa, rudisha. Moto wa spiriti mchana hauonekani, watu wameungua kwa kudhani umezimika. Uzuri wake maji yanauzima, tofauti na mafuta ya taa ambayo ukimwagia maji unayasambaza. Ukimaliza kupika funika mdomo wa kopo na mpira, usipofunika spiriti inaruka yote hewani.

baharia_msasani

Shikamoo mzee, nashukuru sana, hilo la makaa nimemsomea na wife. Fundi nimekuelewa ila nina maswali mawili. Sufuria zetu zote ni hizi za alumini, nasikia indaksheni inazikataa? Na hiyo presha kuka ikiwa na maharage ndani huku tunapita Nungwi na mawimbi yale, haitatuunguza?

dada_wa_kilifi

Kaka baharia karibu sana, mimi naishi botini hapa Kilifi kwenye hori na gesi sijaweka tangu tuhamie, kwa hiyo nakujibu kutoka jikoni.

Sufuria za alumini zitakataa kweli. Chukua sumaku ya friji uibandike chini ya sufuria, ikishika jiko litaipokea, ikidondoka haitafaa. Tava ya chuma ya chapati inashika vizuri sana na chapati zinatoka na madoa yake kabisa, ila chagua jiko ambalo moto mdogo ni mdogo kweli, haya ya bei rahisi ukiyaweka wati 500 yenyewe yanawaka kwa nguvu nyingi yanazima yanawaka tena, chapati inaungua katikati huku pembeni mbichi na inveta inahangaika. Jaribu dukani, weka maji kidogo kwenye sufuria, shusha moto mpaka chini, ukiona yanatokota yanatulia yanatokota tena liache hapohapo.

Lakini ukweli ni kwamba mimi indaksheni natumia kwa chai, mayai na chapati tu. Chakula chenyewe kinapikwa na presha kuka, ya lita 6, wati 1000. Kwenye mawimbi ndiyo naiamini kuliko chochote kwa sababu mfuniko umejifunga na haufunguki ikiwa na presha, sufuria ya kawaida ikiteleza imekumwagia uji wa moto mapajani. Lazima uifunge lakini, mimi nimepigilia ubao wa kuizunguka chini na mkanda unapita kwenye masikio yake yote mawili, na ile valvu ya mvuke naigeuzia kwenye dirisha isielekee uso wa mtu wala waya. Mvuke ukiachia ndani dari yote inalowa.

Kitu kingine cha maana, pika saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana wakati jua linatoa kila kitu, hapo umeme unatoka kwenye paneli moja kwa moja na betri haishuki sana. Maharage yakiiva nayaacha humohumo yamefunikwa, au nayahamishia kwenye hotpoti kubwa, jioni bado ya moto nachemsha wali tu. Ugali ndo bado unanisumbua kwenye indaksheni, sufuria inazunguka juu ya kioo ukisonga, kwa hiyo unahitaji mtu wa kushika mkono wa sufuria.

Samaki wa kukaanga ni wakati mmetia nanga tu. Mafuta ya moto na mawimbi hapana.

mswahili_wa_mfereji

Niko Uingereza, naishi kwenye boti ya mferejini na nimetoa gesi pia. Huku Desemba sola haitoi kitu cha maana, kwa hiyo kipindi cha baridi napika juu ya jiko la kuni linalopasha chumba joto, lina bomba la moshi na vipimo viwili vya kaboni monoksaidi ndani. Kuna na majiko ya dizeli kama Wallas ya Finland, mazuri kwa baridi, lakini kwa joto la Dar utakimbia boti yako mwenyewe. Nyie mna jua mwaka mzima, litumieni. Hicho kipimo cha kaboni monoksaidi hata wewe weka, spiriti nayo inawaka kwa hewa ya chumbani.

fundi_sola_pwani

Dada wa Kilifi kamaliza kila kitu. Niongeze hili kwa sababu ndipo watu wanapounguza boti: presha kuka ya wati 1000 inavuta kama ampea 85 au 90, indaksheni ni mara mbili yake. Ukinunua betri moja ya lithiamu yenye BMS (kinga ya ndani inayokata umeme ukizidi) ya ampea 100 presha kuka itaenda, indaksheni ikifunguliwa mwisho betri inajikata. Kwa hiyo zifunge mbili au zaidi sambamba, au nenda volti 24 ampea zipungue nusu. Kwa volti 12 na inveta ya wati 3000 sitaki kuona waya mwembamba kuliko milimita za mraba 70, mfupi iwezekanavyo, shaba iliyopakwa bati maana shaba tupu inaota kijani kwenye chumvi, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Kila ncha ya waya ikazwe kwa mashine, mimi siamini nyundo. Baada ya kupika maharage shika kila kiungo kwa mkono, kinachokuwa cha moto kuliko wenzake kifungue leo, usisubiri kesho.

baharia_msasani

Aisee asanteni sana. Nimekaa na wife tumeamua hivi: mwezi huu betri, paneli na inveta, tukimaliza presha kuka, indaksheni itakuja baadaye, na jiko la spiriti naanza kulitafuta kesho ili lile la mchina litoke. Fundi, inveta nataka kuiweka chini ya ngazi karibu na injini kwa sababu waya utakuwa mfupi, ni sawa?

fundi_sola_pwani

Hapana mkuu, pale kuna joto la injini na maji yanadondoka kila ukifungua mlango. Ipeleke upande wa pili wa ukuta wa injini, juu ya usawa wa ngama, isimame wima, iachie nafasi ya kiganja kila upande ili feni ipumue. Betri ziwe chini yake hapohapo. Nitumie vipimo vya huo ukuta nikuchoree.